Nyumba ya Rangi Nne

Kompyuta yangu inaweza kuonyesha mamilioni ya rangi. Nilizifukuza zote nikabakiza nne: wekundu wa vumbi letu, kijani cha malakiti, lile jiwe lenye shaba, weusi wa mawe ya kobalti, na weupe uliofifia kama anga la Kolwezi wakati wa kiangazi. Nilitaka mchezo wangu ufanane na michezo ya zamani, ile ya viraba vikubwa vikubwa, kwa sababu ndoto nazo hazina rangi nyingi. Asiyeweza kusema kwa rangi nne, hata umpe elfu atababaika. Nilikuwa tayari kuigombania kauli hiyo na yeyote.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mtu anashuka njiani Musonoi, mtaa wetu wa zamani, anapita nyumba za majirani, anafika kwetu, anaingia. Basi. Lakini kwetu hakupo tena. Shimo la mgodi lilipanuka, tukahamia Manika. Kila jioni baada ya sala, mama yangu, Mama Kabedi, hufumba macho akatembea ndani ya nyumba ile, chumba kwa chumba. Majuzi aliniambia kwamba sasa anafika uwanjani tu. Mlango haumjii tena, na bila mlango hawezi kuingia. Ndiyo maana nilichora.

Wa kwanza kuujaribu alikuwa kaka yangu mkubwa Glodi, anayechimba madini kwa mikono. Nilimpa mchezo kwenye simu mchana mmoja, mvua ikinyesha. Hakwenda nyumbani. Kila alipoona kijani alisimama, akatafuta pa kuchimba. Nikamweleza kuwa zile ni nyasi. Akaniuliza ni nyasi gani hizo za kijani hivyo karibu na shimo, akaendelea kubofya. Alipofika uwanjani kwetu akaanza kumchimba mama niliyemchora pale, maana kitenge chake nilikuwa nimekipa kijani hicho hicho.

"Yaya, ule ni mama," nikamwambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Basi mama iko na malachite mingi," akajibu. "Tutatajirika."

Mama alicheka hadi akajipangusa macho. Kisha akaichukua simu, akamtembeza yule mtu polepole hadi mbele ya nyumba. Hapo kicheko kikaisha.

"Haiko nyumba yetu, tata," akaniambia. Ndivyo anavyoniita akitaka kunibembeleza. "Mulango ilikuwa ya bleu. Mi mwenyewe niliipaka."

Aliupaka kwa rangi iliyobaki walipomaliza kupaka kanisa. Nilijua, lakini mimi niliuchora mweusi. Nikamweleza sheria yangu ya rangi nne. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mhubiri asiyejua kumaliza, akanirudishia simu.

Kesho yake, kwa hasira, niliingiza bluu halisi. Mlango ukaruka mbele kama turubai jipya juu ya paa bovu, na nyumba nzima ikazimika nyuma yake. Nikaifuta. Nikakaa nikiukodolea macho ule ukuta mwekundu mpaka ukaanza kuogelea, na vidole vikaanza kucheza vyenyewe mahali pa mlango: kiraba cheusi, kiraba cheupe, cheusi, cheupe, kama ubao mdogo wa drafti. Nikarudi nyuma, drafti ikawa kijivu. Nikaenda kuegemea dirisha, na kutoka pale kijivu kile kikaanza kupoa. Wekundu uliokizunguka ulikisukuma taratibu, ukakisukuma, mpaka kikageuka bluu ya mbali, kama kitu unachokikumbuka nusu. Sikuwa nimeweka bluu. Ilikuja yenyewe.

Sikumwambia Mama kitu. Nilimpa simu akiwa nje anachambua sombe, majani yetu ya muhogo. Akafuta vidole, akaiweka simu mbali kidogo na macho kama afanyavyo siku zote, akaifuata njia yote, akiwataja majirani kwa sauti ya chini, na mwisho akataja bleu yake. Glodi akaja, akaweka pua karibu na kioo, akasema mimi ni mwongo, hapo hakuna bluu, ni vidoti tu.

"Toka pale," Mama akamwambia. "Unanifungia njia."

Akabofya. Mlango ukafunguka. Ndani sikuwa nimechora chochote; niliacha weusi mtupu, kwa kuwa sikuthubutu kumbunia vyumba vyake. Nikajiandaa kujitetea. Lakini Mama hakuutazama weusi ule. Alikuwa amekwisha kufumba macho, simu imelala mapajani, na kidole chake kilikwenda kulia, kikangoja kidogo, kisha kikaenda kushoto.