Mkaguzi na Boneti Lake

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa, wenzake walitoka na huzuni, yeye akatoka na jina. Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, kwa sababu kazi yake kule ilikuwa kusimama mwisho wa mstari na kutoa kasoro katika kazi za watu. Alikuwa hodari, hilo hakuna aliyembishia. Kipande cha sabuni kikipinda kidogo tu, alikirudisha kwa aliyekikata, tena mbele ya wenzake. Yeye mwenyewe, miaka yote hiyo, hakuwahi kutengeneza hata kipande cha kunawia mikono.

Mke wake alikuwa msusi, saluni yake iko chumba cha mbele cha nyumba. Mkaguzi, kwa kukosa sabuni, akaanza kumkagua yeye. Siku moja alisimama nyuma ya kiti cha mteja, mikono mgongoni, akatamka kwamba mistari ya nywele upande wa kushoto haiendi sambamba. Mteja akashika kichwa.

"Mume wangu," mke akasema bila kugeuka, kitana mdomoni, "tafuta kitu cha kufanya kabla sijakutafutia."

Akatafuta. Kwenye simu aliona video ya mtu anang'arisha gari jeusi kwa mashine. Wengine wangevutiwa na kule kung'aa. Mkaguzi alivutiwa na kasoro. Kumbe gari linaloonekana zima, ukilimulika kwa tochi, limejaa vikwaruzo vya duara kama utando wa buibui! Kumbe dunia nzima ina makosa ambayo hayajasemwa, na yeye amekaa nyumbani bure!

Akaagiza mashine kama ile, na ilipofika alimwendea fundi rangi, mama mmoja mkavu mwenye gereji mwisho wa barabara, akamwomba amfundishe. Fundi alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Nitakuja kwako nikuanzishe," akasema. "Ila usiguse gari la mtu mpaka mkono uzoee. Tafuta bati bovu uharibu kwanza."

Mkaguzi akapata boneti jeusi kwa wauza vyuma chakavu. Akalilaza juu ya viti viwili vya saluni, uani, karibu na kamba ya kuanikia taulo. Fundi rangi akaligawa katikati kwa tepu ya karatasi, akadondosha dawa kidogo ya kung'arishia kwenye sponji ya mashine, akamkabidhi mashine.

"Sponji iguse bati kwanza, ndipo uwashe. Ukiwashia hewani..."

"Najua," Mkaguzi akasema, akaiwashia hewani.

Dawa iliruka ikampata kwenye miwani, ikapata ukuta, ikapata taulo zote za saluni zilizokuwa ndiyo kwanza zimefuliwa. Mke wake alichungulia dirishani, akatazama, akafunga dirisha.

"Hii mashine ina hitilafu," Mkaguzi akasema.

Fundi rangi alimfutia miwani kwa pindo la aproni yake, akaendelea. "Usikandamize. Wewe iongoze tu, kazi itafanya yenyewe. Taratibu, kila mstari ukae juu ya mwenzake kidogo. Na ukifika kwenye kingo usikae, pita. Pale rangi ni nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuaibisha."

Kufikia jioni, nusu ya boneti ilikuwa inawaka. Nusu ya pili ilibaki na ukungu wake wa zamani, na tepu ilipobanduliwa, mpaka baina ya nusu hizo ulionekana kama mpaka wa nchi mbili zisizosalimiana. Fundi rangi akainama, akatazama.

"Si mbaya. Sasa fanya upande wa pili, halafu utafute bati jeupe, halafu bati la gari la zamani. Rangi hazifanani, kila moja ina tabia yake."

Mkaguzi alisikia maneno mawili ya mwanzo. Hayo mengine yalipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Basi akaanza kuishi na lile boneti. Upande wa pili hakuugusa, maana alitaka watu waone tofauti. Upande uliong'aa aliurudia kila asubuhi, akaufunika kwa shuka la kitandani, shuka zuri. Wateja wa saluni walipita uani kujitazama humo, wakidai boneti linawapunguza unene, na mke akajikuta anashindana na kipande cha bati ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tochi nayo haikumtoka mkononi. Alimulika magari ya majirani yaliyoegeshwa, akigonga milango kuwapa taarifa za msiba wa rangi yao. Alimwambia mwalimu wa shule ya msingi kwamba gari lake limeoshwa kwa kitambaa cha kudekia. Siku alipozikwa muuza duka wa kona, watu wameinamisha vichwa, mjane analia, Mkaguzi alionekana amechuchumaa kando ya gari lililoleta jeneza, tochi imewaka mchana kweupe. Akanyanyuka akitikisa kichwa. Waliomwona walidhani ameguswa na kifo.

"Wameliharibu kabisa hili," akamnong'oneza mtoto wa marehemu.

Ilibidi mke wake amvute kwa mkono wa shati.

Mtu wa kwanza kumletea gari alikuwa shemeji yake, kaka wa mke. Alikuja kwa nia njema, na kidogo kwa umbea. "Haya shemeji, hili hapa. Ling'arishe kama boneti."

Mkaguzi alilizunguka. Leo kuna vumbi, akasema. Shemeji akarudi vumbi lilipotulia. Jua likawa kali mno, bati limepata moto. Akarudi siku ya mawingu. Mkaguzi akanusa hewa na kusema ina unyevu.

"Sasa shemeji," kaka wa mke akauliza, "wewe unafanya kazi duniani au unasubiri mbinguni?"

"Kazi yangu haitaki papara."

"Naona. Haitaki hata kuanza."

Maneno hayo yalifika kwa mama mkwe kabla gari la shemeji halijafika kwao. Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwenye gari jekundu la zamani ambalo wanawe walishachoka kumwomba aliuze. Asubuhi iliyofuata aliliingiza uani kwa kurudi nyuma, akasimamisha karibu na boneti, akashuka na kiti chake mwenyewe cha kukunja.

"Mkwe," akasema, "nimekuja kung'arishiwa."

"Karibu mama. Ila leo upepo..."

"Upepo utanipuliza mimi. Wewe fanya kazi."

Kumwambia shemeji uongo ni jambo moja. Mama mkwe ameshakaa, amekunja mikono, mkoba uko magotini. Mkaguzi aliosha gari, akalikausha, akabandika tepu kwenye taa na vioo kwa unadhifu wa kutia huruma. Wateja wa saluni wakatoka na nywele nusu nusu. Akaweka sponji kwenye mlango wa dereva, akawasha, akaanza kupeleka mashine mstari juu ya mstari, na kwa dakika chache kweli alionekana mtu anayejua.

Kisha akainua mashine kutazama sponji. Sponji nyeupe ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kudondoka.

Boneti lake halikuwahi kufanya hivyo. Kwenye boneti, sponji ilirudi na ukungu mweupe tu. Akafuta mlango kwa kitambaa. Kitambaa kikawa chekundu. Akafuta kwa mkono. Mkono ukawa mwekundu. Akasimama mbele ya umati kama mtu aliyekamatwa machinjioni.

Mama mkwe, ambaye alizalisha nusu ya mtaa, hakushtuka kuona chekundu. "Mbona umesimama?"

Hapo Mkaguzi angeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini hakuwa na mazoea nalo.

"Mama," akasema, akikohoa ili apate sauti ya kiwandani, "pole sana. Uliibiwa. Rangi hii ni feki. Aliyekupakia alikuwa tapeli, hata kuikausha vizuri hakujua."

Mke wake akafumba macho.

"Ee," mama mkwe akasema. Akafungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza. "Hebu njoo hapa kwa mwanangu mara moja. Kuna mtu anakutafuta."

Fundi rangi hakukawia, gereji ilikuwa karibu. Alikuja na aproni yake, akatazama sponji, mlango, na uso wa Mkaguzi.

"Mkwe wangu anasema gari hili lilipakwa na tapeli," mama mkwe akamweleza.

"Nililipaka mimi," fundi rangi akasema. "Lilikuwa gari langu la kwanza peke yangu. Baba watoto wako alisimama kando yangu tangu asubuhi mpaka nikamaliza."

Mkaguzi alitafuta pa kutazama. Hakupapata.

"Boneti lako lina vanishi, ule utando wa kung'aa juu ya rangi," fundi akaendelea, wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Unasugua vanishi, rangi yenyewe huigusi. Gari la zamani kama hili halina vanishi, unasugua rangi yenyewe. Lazima sponji iwe nyekundu. Badilisha sponji mara kwa mara, endelea. Nilikwambia utafute bati la gari la zamani. Ulikuwa wapi?"

"Alikuwa msibani na tochi," mteja mmoja akajibu kwa niaba yake, na uani ukaangua kicheko mpaka msusi mwenyewe akashindwa kujizuia.

Alitaka kuingia ndani. Mama mkwe alinyoosha mguu wake, ukaziba mlango. "Umelianza, utalimaliza. Mimi sitembei na mlango mmoja unaong'aa kama boneti la maonyesho."

Akalimaliza. Ilimchukua siku nzima, sponji zikibadilishwa, mke akizifua kwenye ndoo na kumrushia. Hakuna aliyemkagua, na hilo lilimsumbua zaidi ya kicheko. Gari likatoka jekundu la kweli, wekundu ambao hata wanawe mama mkwe walikuwa wameusahau. Ila kwenye kona ya buti, pale ukingoni, palibaki doa la kijivu, pana kama kucha. Rangi ilikuwa imekwisha, chini yake praima, ile rangi ya kwanza ya kijivu, inatazama watu.

Mama mkwe alilizunguka gari lake, akafika pale, akaweka kidole.

"Na hii?"

Mkaguzi alitazama kushoto, akatazama kulia. Fundi rangi alishaondoka. Shemeji hakuwepo. Mashine ilikuwa imezimwa, ikipoa, haina la kujitetea.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikaa ukingoni."

"Rudia, sijasikia."

"Ni mimi."

"Haya." Mama mkwe akakunja kiti chake, akakitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari. "Kesho nenda kwa fundi akupe kopo la rangi, uje unipake hapo. Na umsalimie kwa adabu, maana na wewe sasa una kazi ya kwanza, na mwenzio ya kwake haikuwa na tundu."

Akawasha gari, akatoka uani bila kutazama kioo. Mkaguzi alikwenda kesho yake, akamkuta fundi rangi amelala chini ya lori. Alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, kabla ya kupata maneno ya kuanzia. Fundi alimwacha asimame. Alikuwa amemwona tangu anakata kona.