Karatasi Iliyobandikwa Juu

"Nisomee wewe," alisema Mama Pindo. "Mimi hapa naona muhuri tu."

Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo wa halmashauri ya mji, futi kamba ya kushonea ikining'inia shingoni kwa jinsi alivyotoka mbio. Akasimama kwa vidole vya miguu, akashika ukingo wa ubao, akajinyoosha kadiri Mungu alivyomjalia. Kazi bure. Karatasi ilianzia pale utosi wake ulipoishia, na kutoka hapo ikapanda juu kurasa mbili nzima.

Tarishi aliyeibandika alikuwa kando yake, na macho yake yalikuwa sawasawa na katikati ya karatasi. Mji mzima ulimwita Ngazi, naye hakuwahi kulinunia jina hilo, maana ukweli ni ukweli. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akipika gundi yake ya unga kila penye tangazo, akabandika rasimu za sheria ndogo mbele ya macho yake, akazilainisha kwa kiganja mpaka pasibaki kikunjo. Alibandika, lakini hakusoma. Bosi wake wa kwanza alimwambia kwamba kazi ya tarishi ni kubandika na si kusoma, naye akalishika neno hilo kama mgonjwa anavyoshika masharti ya daktari.

Leo ilibidi asome. Kifungu cha tatu: ni marufuku kuweka cherehani, meza au kifaa chochote cha kazi kwenye kibaraza cha duka. Kifungu cha sita: mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja tangu rasimu ibandikwe.

"Ishirini na moja zimeisha lini?" Mama Pindo aliuliza.

"Jana."

Mama Pindo aliivua futi kamba shingoni, akaanza kuikunja polepole kwenye vidole. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka la misumari kwa miaka kumi na minane, na hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Chumba alichopanga kilitosha kitanda na mlango kufunguka nusu.

"Asubuhi askari wa halmashauri kanipitia," alisema. "Ananiambia nianze kutafuta pa kuhamia. Namwambia mbona hatujaulizwa? Anasema, 'Mliulizwa, mama. Mliulizwa ubaoni.' Na wewe, Ngazi, unapita pale kwangu kila siku ya Mungu. Juzi tu nimekushonea mikono."

Ngazi aliitazama mikono ya shati lake. Sare za halmashauri hukatwa kwa watu wa kawaida, na kabla ya kumjua mama huyu alitembea mjini kama mtu aliyeazima nguo za mdogo wake. Ni yeye aliyekuwa akimwongezea kitambaa kwenye mikono na miguu ya suruali kila sare mpya ilipotoka, kwa ustadi ambao hata mkewe hakuweza kuonyesha mshono ulipo. Kila akichovya mkono kwenye ndoo ya gundi, alikunja kwanza mkono wa shati alioongezewa na Mama Pindo. Alimshukuru moyoni mara nyingi, na siku hiyo shukrani hizo zote zilimgeukia zikawa aibu.

Mama Pindo aliandika pingamizi lake palepale, kwenye ukurasa wa daftari lake la vipimo, akapanda nalo ofisini. Katibu wa halmashauri alimpokea vizuri, akamkalisha, akamrudishia karatasi yake. Muda umepita, mama. Alhamisi madiwani wanapiga kura, na sheria ikishapita, askari wanaanza kazi mwezi unaofuata.

Kilichobaki ni karatasi moja tu, na hiyo ilikuwa ya Ngazi. Kabla ya kura yoyote, tarishi hutia saini cheti kwamba rasimu ilibandikwa siku zote zinazotakiwa, "mahali panapoonekana na kusomeka na mwananchi yeyote." Alikuwa ametia saini vyeti hivyo vingi hata mkono ulijua njia wenyewe.

Jioni alimsimulia mkewe, wakati mkewe akikunja nguo zilizokauka.

"Miezi mitatu nastaafu," alisema. "Nikisema haikusomeka, watauliza na zile za zamani je? Katibu atanichafulia faili. Na ubao uko wazi, taa ipo, kila mtu anapita pale. Nani kasema haisomeki?"

Mkewe aliweka shati chini. Bila neno akaenda ukutani, penye kioo, akavuta kigoda kilichokuwa chini yake siku zote, akapanda juu yake. Hapo ndipo uso wake ulipotokea kwenye kioo. Akashuka, na kioo kikabaki na ukuta wa upande wa pili.

"Kioo hiki alikitundika nani?"

"Mimi," alisema Ngazi. "Wiki tuliyohamia."

"Na kigoda hiki ulidhani cha nini?"

Ngazi alikuwa amedhani ni cha kukalia. Miaka ishirini na sita alikuwa akikisogeza kwa mguu kila asubuhi ili anyoe ndevu, akijiuliza ni nani anayekirudisha pale.

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ulikuwa umekitundika kwa furaha sana." Alianza kucheka, na kicheko kikamwambukiza na yeye, ingawa macho yalikuwa yakimchoma. Aliinuka kutafuta nyundo. Mkewe akamkalisha tena. "Kwangu mimi nimeshazoea. Kashughulikie kwanza ya watu."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mama Pindo na mafundi wenzake wa vibarazani walikaa nyuma, nguo za wateja mapajani, wengine wakikata nyuzi kwa meno. Katibu alisoma rasimu haraka haraka, akamsogezea Ngazi cheti na kalamu bila hata kumtazama.

"Siwezi kutia saini, bosi," alisema Ngazi.

Katibu aliinua kichwa. "Hukubandika?"

"Nilibandika. Kwa siku zote ishirini na moja. Lakini nilibandika kwa urefu wangu."

Ukumbi ulicheka. Katibu alimwinamia sikioni. "Unataka kutuangushia sheria za miaka thelathini wewe?"

"Hizo siwezi kuzisemea," Ngazi alijibu. "Nasema hii."

Mwenyekiti aligonga meza. Akauliza, kwa subira ya mtu anayetaka kwenda kula, kama karatasi ilisomeka au haikusomeka. Ngazi aliomba ruhusa, akamwomba diwani mmoja, mama mfupi aliyekuwa akiiunga mkono sheria hiyo kwa nguvu zote, atoke ukumbini akasome kifungu cha tatu ubaoni. Diwani alitoka kwa madaha. Walisikia viatu vyake vikienda, vikisimama, vikipiga mruko mmoja, halafu wa pili. Aliporudi alikuwa akirekebisha kilemba.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "nimesoma muhuri."

Safari hii hata katibu alicheka. Kura haikupigwa. Rasimu iliamriwa ibandikwe upya, siku zianze kuhesabiwa tangu moja.

Kesho yake Ngazi alikuja na ndoo ya gundi na Mama Pindo. Mama alisimama wima mbele ya ubao, akatoa kipande cha chaki ya fundi mfukoni, akachora mstari mbele ya macho yake. Ngazi akapiga magoti na kubandika kwa mstari ule. Watu walisoma. Walisoma wakienda sokoni na wakirudi, wakabishana, wakasomeana, na mapingamizi yalimjia katibu arobaini na saba, mengine yameandikwa nyuma ya risiti. Madiwani walikaa mara mbili. Sheria iliyopita mwishoni iliruhusu kazi kwenye vibaraza, mradi ibaki njia ya mita moja na nusu kwa wapita njia.

Askari wa halmashauri ndiye aliyekuja kuitekeleza, na kwa kuwa hakuwa na kipimo, aliazima futi kamba ya Mama Pindo. Meza ya cherehani ilizidi kwa vidole vinne. Mama Pindo aliisogeza ukutani, akaomba apimiwe tena, na askari akapima tena.

Ngazi alipata barua ya onyo siku ileile, kwa uzembe wa muda mrefu. Aliisoma yote, akaona kwamba ni kweli, akaikunja. Alipopita kibarazani Mama Pindo alisimamisha cherehani.

"Ahsante, Ngazi."

"Usinishukuru mama, utaniua bure. Mimi ndiye wa kukushukuru." Akajikuna kichwa. "Nina shida moja tu. Naomba kipande cha chaki."

Nyumbani alimwambia mkewe asimame ukutani, bila kigoda. Mkewe alitaka kutania, akauona uso wake, akaacha. Ngazi akachora mstari mbele ya macho ya mkewe, akashusha kioo, akapiga msumari.

Mkewe alijitazama kwa muda mrefu. Aligusa nywele nyeupe za pembeni mwa sikio kana kwamba ni za mtu mwingine, akageuza shingo huku na huku, miguu yake yote miwili ikiwa sakafuni.

Ngazi akakivuta kile kigoda, akakikalia.