Aliyekuwa Akivuta Kamba

Kwenye gereza hili la jimbo la Johor simu na redio zinaachwa getini, kwa hiyo sisi mafundi umeme tunazungumza kwa kamba. Ikivutwa mara mbili, lisha, yaani endelea kuiingiza. Mara moja, simama. Na usiachie kamba mpaka mwenzako akuambie. Hilo Kaka Kamarul alinifundisha kwa makofi ya kisogoni kabla hajaniruhusu kushika waya.

Asubuhi ile tulikuwa ghorofa ya juu, iliyohamwa ili ikarabatiwe. Sakafu yake ni slabu za zege zilizoundwa kiwandani, zina matundu marefu ndani, na paipu za waya zinapita humo. Chini yake kuna seli za adhabu, mtu mmoja mmoja. Ukiomba ramani ya paipu unaambiwa ni siri ya usalama. Basi tunapapasa kama vipofu, na tukichelewa tunaitwa wavivu.

Nilifunga mfuko wa plastiki kwenye uzi, nikauingiza mdomoni mwa paipu, nikawasha blowa. Upepo ukaupeleka. Kaka Kamarul alitakiwa kuupokea seli ya mwisho ya ghorofa hiyohiyo. Uzi ulipotulia nikazima mashine, na baada ya kitambo ukavutwa mara mbili, taratibu. Nikaunganisha kamba ya nailoni, nikalisha. Ilikwenda vizuri hadi nikaanza kupiga mluzi.

Zaidi ya nusu ilikuwa imeshazama Kaka Kamarul alipoingia na mifuko miwili ya plastiki iliyojaa chai ya maziwa.

"Wewe, mbona huleti uzi?" akauliza. "Nimekungoja hadi nikaota ndevu. Nikaona bora nikafuate chai."

Nilimtazama yeye, nikaitazama kamba. Bado ilikuwa inaingia sakafuni.

"Suhaimi. Nani anavuta?"

Yeye akapiga magoti, akasikiliza kwenye paipu.

"Imetokea kwenye tundu la taa, darini kwa mtu wa chini," akasema.

"Anaitaka ya nini?"

"Mtu aliyefungiwa peke yake anataka kamba ya nini, we?"

Akaikamata ncha iliyobaki, akaifunga kwenye mguu wa kitanda cha chuma kilichokazwa sakafuni. "Isiende yote. Irudishe ukiweza, na usiachie." Akatoka mbio akimwita Sajini Ganesan, askari wa zamu. Kutoka pale hadi chini kuna mageti, na moja halifunguki mpaka lingine lifungwe.

Nilivuta. Yule wa chini akavuta pia, ana nguvu. Nikainama kwenye paipu.

"Ndugu yangu, niachie kamba."

"Samahani, kaka." Sauti ya kijana, tena yenye adabu. "Umeifunga huko?"

Nikadhani namkatisha tamaa. "Imefungwa kwenye chuma. Hata uvute vipi, haitoki."

"Asante, kaka."

Kamba ikakaza ghafla, ikalia kwenye mdomo wa paipu. Haikuvutwa tena. Ilikuwa nzito tu, ikitetemeka.

Nilichelewa kuelewa, na mpaka leo najichukia kwa kuchelewa huko. Hakuwa akiiba kamba. Alikuwa akitafuta mtu wa kumfungia upande wa juu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikalirukia fundo; limekaza, halilegei. Nikachukua plaizi. Mkono ukasita, nakuapia, kwa sababu ya lile neno usiachie. Kisha nikabana, nikakata uzi mmoja mmoja wa nailoni huku nikimtukana Kamarul, gereza na aliyejenga sakafu ile.

Ncha ikakimbia shimoni. Chini kukasikika kishindo, kisha kimya. Nililala kifudifudi, sikio kwenye paipu, nikiogopa hata kupumua.

Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu kibaya, na machozi yakanitoka bila aibu.

"Ndugu, upo? Wanakuja kukusaidia. Tumeshawaita."

"Mmewaita?" Sauti ilikuwa imekwaruzika, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na hofu. "Kaka, wakikuta kamba hii wataniongezea miezi humu."

Nikasikia akihangaika kuirudisha kwenye tundu la taa, akiisukuma juu kwangu. Nilipenyeza vidole ndani ya paipu kuipokea, lakini haikunifikia. Ufunguo wa Sajini ulikuwa umeshaingia mlangoni kwake.