Viatu vya Mwalimu Wasike

Maonyesho ya viatu yalikuwa kwenye jumba dogo la makumbusho mjini Eldoret, na Linah aliwapeleka wanafunzi wake kwa sababu mwalimu mkuu alisema wiki hiyo ni zamu ya gredi ya tano. Watoto walizipita upesi sandali za ngozi ya ng'ombe, wakazicheka akala za tairi, kisha wakasongamana mbele ya viatu vya misumari vya mwanariadha mmoja. Linah alibaki nyuma akisoma vibandiko.

Kwenye kabati la mwisho la kioo kulikuwa na viatu vyeusi vya kiume, vya kamba. Soli ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia kwa vidole viwili. Kibandiko kilisema: "Viliachwa kwa fundi, mtaa wa Pioneer, 2011. Mwenyewe hakurudi."

Marehemu baba yake, Mwalimu Wasike, alikuwa na mguu mfupi wa kushoto kwa sababu ya polio. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuvaa viatu vile.

Mwaka huo wa 2011 baba alianguka mjini siku ya Jumatano, akafa kabla ya jioni. Hospitali iliwarudishia suti yake na slipasi za bluu. Mama yake Linah, Nabwire, aliona kwamba kama mzee alitoka na slipasi, basi viatu vilibaki nyumbani. Vikatafutwa, havikuonekana. Lawrence, kaka yake Linah na kifungua mimba, alikuwa mlevi siku hizo, na mwezi uliotangulia alikuwa ameuza redio ya nyumbani. Mwalimu akazikwa na soksi. Pale kaburini, Mama akamnyooshea Lawrence kidole: "Huyu ameuza hata viatu vya maiti!" Lawrence akaondoka siku hiyo hiyo akaenda Timboroa. Aliacha pombe huko, akaoa huko. Miaka kumi na minne hakukanyaga nyumbani.

Linah alimuuliza Ashley, msichana aliyekuwa akiwaongoza wageni, jina la fundi. Shule ilipofungwa jioni akaenda Pioneer, akamkuta Njenga akipiga gundi chini ya mwavuli wake.

"Mwalimu wa mguu?" Njenga akaweka brashi chini. "Huyo namkumbuka. Alikuwa anaenda kupimwa presha. Soli imeachana, maji inaingia. Nikamwambia, mzee, chukua slipasi zangu, ukirudi utapata imekauka. Hakurudi. Nikadhani amepata fundi mwingine."

"Slipasi za rangi gani?"

"Za bluu. Mbona?"

Linah akamsimulia habari ya mazishi. Alipomaliza kumweleza, Njenga alivua kofia.

"Sikuwa na namba yake ya simu," alisema. "Lakini ningeuliza walimu. Ningeuliza tu."

Linah alimpigia Lawrence akiwa bado amesimama hapo. Ndugu yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama anajua?"

"Bado. Nimekuambia wewe kwanza."

"Mwambie yeye. Mimi nimejua siku zote."

Jumamosi Nabwire aliletwa mjini kutoka nyumbani, kijiji cha Ziwa. Alisimama mbele ya kabati lile, uso karibu uguse kioo, akaitazama soli ya kushoto.

"Hakuniambia anaenda kupimwa presha," alisema. "Aliniambia anaenda kununua mbolea."

Ashley alimletea kiti. Akamwambia kwa upole kwamba familia ikitaka viatu, vitatolewa leo hii. Nabwire akatikisa kichwa.

"Nipigie Lawrence," akamwambia Linah.

Simu ilipopokelewa aliishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimeviona. Nilikukosea."

Lawrence akajibu: "Mama, uliniita mwizi mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha kwa simu?"

"Unataka nifanye nini?"

"Useme pale pale uliposema. Na wale wale wakisikia."

Linah alidhani Mama angekasirika. Nabwire alifikiri kidogo, akajibu, "Ni haki yako. Njoo Jumapili."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, watu wa ukoo walikusanyika kando ya kaburi, pale mahindi yanapoanzia. Wengine walikuwa wameshakufa; waliobaki walikuja. Lawrence alisimama nyuma na mke wake, Chebet, ambaye Nabwire hakuwahi kumwona. Nabwire alisema yote, tangu slipasi mpaka kioo, bila kuficha. "Nilimwita mwizi. Hakuwa mwizi wa viatu. Mimi ndiye nilimfukuza."

Mzee Wanyonyi, ndugu ya marehemu, akajaribu kulainisha mambo. "Shemeji, hayo tulishasahau."

"Mzee, mimi sikusahau," Lawrence akasema. Wanyonyi akainamisha kichwa.

Lawrence alimwendea mama yake akampa mkono. Hakumkumbatia. "Redio niliuza," alisema. "Hiyo ni kweli."

"Najua," Nabwire akajibu. "Nani huyu umekuja naye?"

"Ni Chebet. Mke wangu."

Nabwire alimshika Chebet mkono, akampeleka jikoni, na Linah akawasikia wakiulizana habari za watoto: wangapi, wanasoma wapi, na kwa nini hawakuletwa.