Moshi wa Maktaba ya Chong-Jar

Mwezi wa Januari kila mtoto wa shule ya kijiji cha Chong-Jar alifika na mifuko miwili, mmoja wa madaftari na mwingine wa samadi iliyokaushwa. Mwalimu Ermek alisimama mlangoni kuipokea. Aliyeleta samadi kavu alikaa karibu na jiko, aliyeleta mbichi alikaa dirishani. Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa imepunguza makaa ya mawe kwa nusu, na barua yake ilieleza kwamba nusu iliyobaki ingetosha iwapo milango ingefungwa vizuri.

Milango ilifungwa vizuri. Makaa yakaisha hata hivyo, na samadi peke yake haikufua dafu mbele ya baridi ile.

Ermek alikuwa mwalimu wa michezo. Mwalimu wa lugha alipokwenda Moscow kufagia barabara, nafasi yake haikujazwa. Vipindi vyake akapewa Ermek, na madarasa matatu ya chini yakaunganishwa katika chumba kimoja. Watoto wanne walitumia kitabu kimoja, na aliyekaa ng'ambo ya meza alizoea kukiona kichwa chini miguu juu. Ermek hakuwa mvivu. Aliwafundisha kusoma kwa njia aliyoijua, yaani ya mieleka: yeye atangulie, wao wafuate, tena na tena, mpaka mwili ushike wenyewe. Watoto walishika. Walikariri kitabu kizima kwa sauti moja, na kitabu kikisahauliwa nyumbani walikikariri vilevile.

Kila majira ya kuchipua darasa la kwanza hufanyiwa sherehe ya kumaliza kitabu cha alfabeti. Kina mama hushona mavazi. Kila mtoto huvaa herufi moja kifuani, hupanda jukwaani na kughani ubeti wa herufi hiyo. Wazazi hutokwa na machozi, picha hupigwa, kondoo huchinjwa. Sherehe za Ermek zilisifiwa hadi wilayani kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kukwama. Kila mmoja alikuwa na ubeti mmoja tu.

Maktaba ya shule ilikuwa imefungwa tangu cheo cha mkutubi kilipofutwa. Asubuhi moja kalamu ziligoma kuandika kwa baridi, na mwalimu mkuu, Bi Kalipa, akaingia darasani amevaa koti lake, ufunguo mkononi.

"Ermek, ile maktaba inatuchukulia chumba bure."

"Kweli, mwalimu mkuu."

"Na hakuna wa kuisimamia."

"Hakuna."

"Haya basi," alisema Bi Kalipa, akauweka ufunguo mezani na kutoka. Baadaye kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyeamua.

Kitabu cha kwanza kutiwa jikoni kilihusu maradhi ya kondoo. Moshi wake ulitoka kwenye bomba la paa, ukapanda hadi urefu wa nguzo ya umeme, ukasimama hapo ukiwa umejipanga mistari. Ulikuwa ukurasa wa kwanza, ukisomeka wazi kutoka kila ua wa kijiji. Ulikaa kwa muda wa kumaliza bakuli la chai, kisha upepo ukausukuma bondeni na ukurasa wa pili ukashika nafasi.

Wazee walitoka na mabakuli yao wakasoma. Hao walisoma shule wakati shule ilikuwa shule, na kusoma kwao ni kama kukamua ng'ombe, hakusahauliki. Bibi Sakish alipata hapo dawa ya kwato za kondoo wake, akaitumia, kondoo akapona. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba kurasa zenye picha zilipita haraka. Siku zilizofuata zikapita hesabu, ramani za bahari, na hotuba nyingi za viongozi wa zamani. Hotuba zilitoa moshi mweusi uliochafua nguo kambani, lakini ziliwaka vizuri kuliko vitabu vyote, na ilikuwa mara ya kwanza kumfaa mtu.

Shida ilianza pale wazee walipoita wajukuu.

"Njoo unisomee hapo juu, shingo inaniuma," Sakish alimwambia mjukuu wake Talant, kijana wa darasa la nane mwenye ripoti iliyojaa tano. Tano ndiyo alama ya juu kabisa. Talant alitazama juu. Alikaa hivyo mpaka ukurasa ukaondoka.

"Umesoma nini?"

"Nimeona ya kwangu, bibi. Ile niliyovaa kwenye sherehe. Iko pale mara mbili."

Ikawa hivyo ua baada ya ua. Kila mtoto alitambua herufi aliyoivaa akiwa darasa la kwanza, na hiyo tu. Alipoiona alifurahi na kuinyooshea kidole. Baba aliyemkaripia mwanawe alikumbuka picha ya sherehe iliyotundikwa sebuleni, yeye mwenyewe akiwa ndani yake na paja la kondoo mkononi, akaacha kukaripia. Kijiji kizima kikashikwa na aibu. Kwetu aibu haisemwi, hufungiwa ndani pamoja na wageni wasiotakiwa kuonwa. Watu wakaanza kuwaingiza watoto nyumbani moshi unapopanda, na kuteremsha mapazia. Waliokutana dukani walizungumzia theluji.

Mzee Mambetaly peke yake hakuteremsha pazia. Macho yake yalikuwa na ukungu na pazia lisingemwongezea kitu. Kabla maktaba haijafungwa alikuwa katikati ya riwaya moja, ya mvushaji aliyekuwa akivusha farasi wa shamba la ushirika kwa chombo cha mbao. Mto ulifurika, kamba ikakatika, mvushaji na farasi wakachukuliwa na maji gizani, na mlango wa maktaba ukafungwa. Tangu hapo Mambetaly alimwomba Bi Kalipa kile kitabu kila walipokutana. Bi Kalipa alimjibu kwamba bila mkutubi kitabu hakiwezi kuazimwa, ni utaratibu. Macho yalipomharibikia hakuacha kuomba. Alisema atasomewa na mjukuu wake Jypar, aliyekuwa akimsomea gazeti kila jioni.

Ijumaa moja Sakish alimwita kutoka upande wa pili wa uzio. "Mambetaly! Mvushaji wako anapita!"

Mzee alitoka bila kofia. "Amefika wapi?"

"Kamba imekatika zamani. Hizi ni kurasa za mwishomwisho."

"Nisomee, Sakish. Allah akupe umri."

Sakish alitazama dirisha la jirani, ambako Jypar alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Sakish alikuwa bado hajapona aibu ya Talant. "Mimi nina ng'ombe wa kukamua," alisema. "Una mjukuu ndani. Si ana tano?" Akaingia kwake akafunga mlango.

Jypar akatoka. Babu yake aliinua uso juu, kuelekea pale alipoona weupe ukizidi kidogo.

"Soma, mwanangu. Usiruke hata neno."

Herufi ya Jypar ilikuwa kwenye mstari wa tatu. Angeweza kutunga, kama alivyotunga magazeti yote. Katika magazeti ya Jypar mvua ilinyesha kwa wakati wake, walioko Moscow walirudi, na barabara ya kijiji ilitiwa lami. Lakini ukurasa huu ulikuwa juu ya vichwa vya watu wote, na nyuma ya kila pazia kulikuwa na mzee aliyekuwa akiusoma.

"Babu, sijui kusoma."

Mambetaly hakushusha uso. "Na magazeti?"

"Nilikuwa natunga."

"Hata ile ya lami?"

"Hata ile."

"Ile niliitilia shaka," alisema mzee. "Sasa tutafanyaje? Kinaisha hiki."

Jypar alipanda juu ya uzio akawaita wenzake wa darasa la nane, mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti iliyopenya mapazia. Alijua kabisa kwamba sasa wote wangejua. Mashavu yalimwaka kama aliyepigwa kofi, lakini hakuteremka mpaka mlango wa kwanza ulipofunguka. Alikuwa Talant. Wengine wakamfuata, wameinamisha vichwa. Bila kuambiwa walijipanga ukutani kwa mpangilio wa jukwaani wa mwaka ule, na waliohamia Urusi na wazazi wao waliachiwa nafasi zao wazi. Nafasi hizo zilikuwa nyingi.

"Mstari wa kwanza," alisema Jypar.

Kila herufi ilipofikiwa, aliyewahi kuivaa aliitamka kwa nguvu, na mzee akaishika na kuiunganisha na inayofuata. Zilipofikiwa za waliohama, ukimya ulipita mahali pao na mzee akakisia. Mstari wa kwanza haukupata hata neno moja zima kabla ya ukurasa kusukumwa na upepo.

"Ngojeni mwingine," alisema mzee. "Msichoke."

Ermek alitoka shuleni na ndoo ya majivu, akasimama kando ya uzio. Alikuwa ametia jikoni karatasi za mwisho za kitabu kile, na ukurasa wa mwisho ulikuwa ukipanda. Aliusoma wote mara moja, kwa kuwa mtu anayejua kusoma hawezi kujizuia. Mdomo ukamfunguka. Akawaona watoto wake wamepangana vile vile alivyowapanga yeye, na mapazia ya madirisha yameanza kusogezwa.

"Sauti juu, Talant," alisema. "Kifua mbele."

Mambetaly aligeuza sikio. "Huyo si Ermek? Wewe si unajua kusoma?"

"Najua, mzee wangu."

"Basi nisaidie."

"Waache wajaribu, mzee. Ni mazoezi."

"Wanajaribu tangu darasa la kwanza," alisema Mambetaly, bila hasira, kama anayetaja umri wa ng'ombe.

Masikio ya Ermek yakawa ya moto katika baridi ile. Alitamani ndoo ingekuwa kubwa zaidi, ajifiche nyuma yake. Watoto waliendelea, Jypar akiwaongoza kwa mkono, sauti moja, nyingine, pengo, nyingine. Ukurasa ulianza kuinama. Mstari ulipokwisha mzee aliurudia midomoni akiziba mapengo, kisha akausema kwa sauti:

"Asubuhi farasi wakanyweshwa maji."

Ukurasa ukaondoka kuelekea bondeni.

"Kulikuwa na mistari mingine?" aliuliza.

"Miwili," alisema Jypar.

"Ermek, ilisemaje?"

Mistari hiyo ilisema ni nani aliyewanywesha farasi, na kwamba hakuwa mvushaji. Ermek aliangalia majivu kwenye ndoo. "Sikuwahi, mzee. Moshi ulinijia machoni."

"Moshi ni mbaya kwa macho," alisema Mambetaly. "Lakini imetosha. Asubuhi ile palikuwa na mtu wa kuwanywesha. Kwa hiyo walifika." Akawashukuru watoto, akawaombea dua viganja vikiwa wazi, akaingia ndani kutafuta kofia yake.

Jumatatu Jypar alimsubiri Ermek mlangoni pa shule.

"Mwalimu, nipe herufi nyingine. Hata za waliohama."

"Herufi ni za darasa la kwanza, Jypar. Ratiba yenu haina kipindi hicho."

"Nitakuja mapumziko."

"Mapumziko nina mieleka." Alipokea mfuko wake wa samadi, akaipima kwa mkono, akaiona kavu. "Kaa karibu na jiko," alimwambia. Kwenye ripoti ya muhula alimpa tano, na alipoiandika aligeuza uso dirishani.

Machi ikaja barua kutoka ofisi ya elimu ya wilaya. Ilimpongeza Bi Kalipa, kwa kuwa shule yake ilikuwa imethibitisha kwamba inaweza kumaliza baridi kwa nusu ya makaa, na ikamjulisha kwamba msimu ujao ingepewa robo. Kuhusu moshi, ofisi iliomba tu usipande siku za ukaguzi. Chumba cha maktaba kilikuwa tupu tayari, wakakiwekea mikeka ya mieleka.

Sherehe ya alfabeti ilifanyika kama kawaida. Darasa la kwanza lilikuwa limepungua, na Ermek alikuwa amelifikiria sana jambo lile la mapengo. Safari hii hakumpa mtoto herufi moja. Aliwapa mbili mbili, wengine tatu, ili mtu akihama herufi isihame naye. Kina mama walilalamika kwamba mavazi ya herufi tatu ni mazito kushona. Kondoo walichinjwa wawili.

Jypar alisimama nyuma kabisa ya ukumbi, mrefu kuliko kina mama, akisogeza midomo kila mtoto alipoghani. Mzee Mambetaly alikaa mstari wa mbele. Kila herufi ilipotajwa aliishika na kuiunganisha na iliyofuata, sikio amelitega, akingoja itoke neno. Zilikuja kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna mtoto aliyekwama. Wazazi walipiga makofi. Mzee alikaa vilevile, bado anaunganisha.