Mwalimu Breki na Gari la Kukodi

Mji mzima ulimwita Mwalimu Breki, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Kila mwanafunzi aliyeingia kwenye gari lake la mafunzo alikutana na maneno yaleyale kabla hata hajafunga mkanda: "Kuondoka kila mtu anajua. Nionyeshe kusimama." Kazi hiyo aliianza na mumewe, wakiwa na gari moja lenye pedali mbili za breki, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na kibanda cha bati kilichokuwa darasa. Mume akafariki, kibanda kikawa chumba cha matofali, naye akaendelea peke yake. Ukutani kulikuwa na ubao wa alama za barabarani ambao marehemu aliuchora kwa mkono wake. Ile alama ya wanyama kuvuka ilitoka na ng'ombe mnene kupita kiasi, wanafunzi wakambatiza Kiboko, na hakuna darasa lililopita bila kumcheka.

Alijaliwa watoto wawili. Wa kwanza binti, nyumba nzima ilimwita Dada Mkubwa, mwenye duka la dawa, mwanamke wa mipango ambaye hata vikombe kabatini kwake vilitazama upande mmoja. Wa pili alikuwa wa kiume, kitindamimba, aliyezaliwa mama alipokwisha kata tamaa ya kuzaa tena. Huyu alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, akilala huku wanafunzi wakizimikiwa na injini kila kona. Naye ndiye pekee aliyejua ugonjwa wa mama yake: Mwalimu Breki, aliyehubiri mwendo wa konokono mchana kutwa, alipenda magari ya mbio kama mlevi anavyopenda pombe. Alikata picha zake kwenye magazeti na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Jioni, sahani zikishaoshwa, mama na mwana walifungua kabati na kubishana lipi lina injini nyuma na lipi ni sura tu.

Siku za karibuni Dada Mkubwa alikuwa hampi mama pumzi. "Mama, goti hilo. Mama, macho hayo. Funga chuo upumzike, uje ukae kwangu."

"Nikichoka nitajua mwenyewe," mama alimjibu. "Goti ni langu, halijakuomba dawa."

Kila walipofika hapo, kitindamimba aliingia kati. "Dada, mwache Mama. Mama ana akili zake." Na mama alimtazama mwanawe huyo moyo ukimtulia, kama mtu aliyeegemea ukuta. Ndiyo maana, mumewe alipofariki na ndugu wakaanza kunong'ona kuhusu kiwanja cha chuo, alikiandikisha kwa jina la kitindamimba. Dada Mkubwa alinuna kwa muda, kisha akanyamaza.

Basi siku moja kijana akaja na simu mkononi, uso umemjaa kicheko cha mtu aliyeficha jambo. "Mama, tazama."

Mama akavaa miwani. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na gari jekundu, bapa kama ulimi, lenye viti viwili tu.

"Nimelikodi," alisema kijana. "Jumamosi na Jumapili. Tunatoka nje ya mji, barabara za mashambani, hakuna foleni, hakuna taa. Na anayeendesha ni wewe."

"Umechanganyikiwa wewe?"

"Umewafundisha watu wote hawa kwa mwendo wa kinyonga. Sasa zamu yako."

"Na wanafunzi wangu wa Jumamosi?"

"Nimeshawapigia wote. Hakuna aliyelalamika."

Mama alikaa kitako. Alitaka kusema kitu cha kiutu uzima, kwamba huo ni ubadhirifu, lakini mdomo ulimsaliti ukacheka wenyewe.

Kwenye yadi ya kukodisha, karani aliyevaa tai alizunguka gari pamoja na kijana, akimweleza kijana, akimcheka kijana, na mwisho akamnyooshea kijana ufunguo. Mwalimu Breki akatia kiganja chake katikati. "Ufunguo anapewa dereva," alisema. Karani akamtazama kijana, kijana akatazama angani, na ufunguo ukaenda ulikostahili.

Kuingia tu kulikuwa kazi. Ilibidi ashuke kama mtu anayeketi kwenye mkeka, goti likilalama. Lakini alipowasha injini, mngurumo ulipita mgongoni mwake kutoka nyuma ya kiti, na habari za goti zikaishia hapo. Alirekebisha vioo, akafunga mkanda, akazijaribu breki mara kadhaa ndani ya yadi, kisha wakatoka.

Jumamosi ile ilikuwa nzuri, na ni lazima isemwe hivyo, maana baadaye hilo ndilo lililouma. Mji ulipoisha nyuma yao barabara ilijifungua, lami nyembamba kati ya mashamba, ikipanda na kushuka. Mwanzoni alikwenda kwa adabu. Trekta lilipowapisha, na mbele kukawa kweupe kabisa, akakanyaga. Gari liliruka kama limetukanwa. Kijana akapiga yowe, mama akapiga yowe lake kubwa zaidi, na kuku waliokuwa kando ya barabara wakatafuta dini.

"Kona inaliwa kwa macho kabla ya tairi!" alimwambia mwanawe juu ya kelele za injini. "Tazama unakokwenda, usitazame unakoogopa!"

"Sawa, Mwalimu!"

Machozi yalimtoka. Akasema ni upepo, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Walisimama kilimani, kijana akampiga picha akiwa ameegemea mlango ulioinuka juu kama bawa. "Umefurahi, Mama?" aliuliza. Walipokuwa wakila mkate na mayai kwenye mgahawa wa njiani akauliza tena. Walipofika kwenye nyumba ya wageni akauliza tena, "Lakini kweli umefurahi?" Mama akafikiri: mtoto huyu kaumbwa na moyo wa dhahabu, anataka kuhakikisha zawadi yake imefika.

Jioni kijana alitoka nje mara kwa mara kuzungumza na simu, amejiinamia ukutani. Mama akamtania aliporudi. "Kama ni mchumba, mlete nimfundishe breki. Ukoo huu unazihitaji." Kijana akacheka kidogo, akasema amechoka, akaenda kulala.

Jumapili asubuhi walisimama kwenye kituo cha mafuta. Kijana alishuka kununua maji. Simu yake aliiacha kwenye kishikio, na tangu jana ilikuwa imeunganishwa na gari, maana ndiyo iliyowachezea muziki. Mara muziki ukakatika, kioo cha dashibodi kikaandika Dada Mkubwa, na mlio ukajaa ndani ya gari lote. Mama akabonyeza kitufe cha kijani amsalimie binti yake. Kabla hajafungua mdomo, sauti ilianza kutoka kwenye spika za milangoni.

"Sikia, usimrudishe kabla ya jioni. Lile gari lake la mafunzo aliyelinunua amelivuta jana, lakini darasani hawajamaliza. Mnunuzi anataka kubomoa kesho, kwa hiyo leo lazima pawe peupe. Ule ubao wa Baba mafundi wameung'oa vibaya, umepasuka katikati, nitajua la kumwambia. Na wewe acha kunipigia ukilialia. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema akiwepo hatakubali. Kiwanja ni chako, umeshauza, yamekwisha. Wazo lako la gari limefanya kazi nzuri. Anafurahi lakini?"

Mwalimu Breki alitazama usukani.

"Anafurahi sana," alisema.

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu binti huyo akiwa na meno ya utoto: "Mama?"

Mama akakata simu.

Kijana alikuwa akirudi, chupa ya maji kila mkono, akitembea kwa madaha ya mtu anayejua anatazamwa na watu kwa sababu ya gari. Mama akashusha kioo.

"Umeuza chuo?"

Chupa hazikuanguka. Zilibaki palepale mikononi, na yeye akabaki amesimama nazo kama mtu aliyeambiwa azishikilie. "Mama, nisikilize. Nilitaka kukuambia tukifika nyumbani. Dada alisema ungekuja kugonga mtu, na mimi biashara yangu imejaa madeni..."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Mama alichomoa simu ya kijana kwenye kishikio, akampa kupitia dirishani. Akatazama kioo cha kati, akatazama cha pembeni, akawasha indiketa ingawa hapakuwa na gari lingine, akaondoka. Katika maisha yake ya ualimu, huyo alikuwa mwanafunzi wa kwanza kumwacha barabarani.

Hakukimbia. Gari lile lingemfikisha upesi, lakini hakutaka kuikabidhi hasira yake mguu wa kulia. Alikwenda kwa mwendo wa darasani, na madereva waliompita walimshangaa bibi mwenye gari la kifalme anayekwenda kama mwenye mkokoteni. Mashamba yalikuwa yaleyale ya jana. Kila kona aliyoifurahia ilimrudia sasa ikiwa na maana nyingine: hapa nilipiga yowe, na wao walikuwa wanalivuta gari langu. Hapa nilipigwa picha, na Kiboko alikuwa anapasuliwa.

Binti hakumwumiza sana. Mvua ikikunyeshea husemi imekusaliti. Ulikwisha iona inatanda. Dada Mkubwa alipigana naye uso kwa uso, kila wiki, kwa sauti kubwa. Lakini huyu mwingine! Ni nani mwingine duniani aliyejua kabati la jikoni? Mtu baki angekuja kumtega angemletea nini, kanga? Chakula? Ilihitaji mtu aliyekaa naye jioni zote zile, bega kwa bega, ndipo chambo kiwe kitamu namna hii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba nguo hiyo unakuwa umeishona mwenyewe.

Chuoni alikuta lori limefunguliwa nyuma. Viti vya darasa vilipangwa juu yake, miguu hewani. Pale gari la mafunzo lilipokuwa likiegeshwa palibaki doa la mafuta. Dada Mkubwa alitoka mbio darasani, kitambaa kichwani, vumbi kwenye nyusi.

"Mama, tulifanya kwa ajili yako. Ungekuja kugonga mtoto wa watu."

"Nimemgonga nani?"

"Bado hujamgonga! Ndiyo nasema!" Akaanza kulia, kilio cha hasira. "Nikisikia king'ora dukani moyo unaruka. Kila king'ora, Mama. Wewe hujui."

"Ungeniambia hivyo."

"Nimekuambia mara ngapi?"

Hilo lilikuwa kweli, na mama akaliacha lipite. Akaingia darasani. Ukutani palipokuwa na ubao, rangi ilikuwa mpya, safi, mstatili mzima usioguswa na miaka. Kilibaki kiti kimoja, akakikalia. Baada ya muda mpakiaji mmoja akasimama mlangoni, akijikuna shingo. "Mama, samahani. Na hicho pia kimeuzwa." Akainuka, akakibeba mwenyewe hadi kwenye lori, akamkabidhi.

Kijana alifika alasiri, juu ya gari la mboga, amejaa vumbi mpaka kope. Alimkuta mama yake nje.

"Mama, nilijua nakukosea," alisema. "Ndiyo maana nikataka angalau uwe na siku mbili nzuri kwanza. Nilitaka ufurahi. Hilo halikuwa uongo, Mama. Ulifurahi. Nilikuona."

"Nilifurahi," alisema mama. "Katika yote uliyonichukulia, hilo utanilipa lini?"

Mama akaingia kwenye gari jekundu, akalirudisha yadi peke yake kabla ya muda. Karani akalizunguka akitafuta mikwaruzo, asiione. "Safari ilikuwaje, Mama?" aliuliza, safari hii akimtazama yeye.

"Gari lako halina kosa," alisema, akampa ufunguo, akatembea hadi nyumbani.

Darasa lilibomolewa. Mwalimu Breki hakuhamia kwa mtu. Alipumzika kidogo, akagundua kupumzika hakumwezi, akaanza kuwafundisha watu kwenye magari yao wenyewe, akiwa hana pedali ya pili, mkono wake wa kulia tayari kwenye breki ya mkono. Yeye na Dada Mkubwa waligombana, wakanuniana, wakagombana tena, mpaka siku moja wakajikuta wanagombania chumvi ya mchuzi, ndipo wakajua wamekwisha patana.

Kitindamimba naye huja kila Jumapili. Hubisha hodi, naye hapo zamani alikuwa akiingia tu akipiga kelele. Mama humkaribisha sebuleni, humpa kiti kizuri, humletea chai kwenye kikombe cha wageni, humuuliza hali ya kazi na hali ya hewa ya huko aliko. Hamkaripii. Hamtanii. Jikoni hawaendi.

Jumapili moja kijana akashindwa kuvumilia. Akaweka kikombe chini. "Mama, nitukane basi. Nipige hata kofi. Dada unamfokea mpaka majirani wanasikia, mimi kwa nini hunifokei?"

Mama akamtazama kwa upole, ule upole anaopewa mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Mgeni hafokewi," alisema, akamsogezea sukari.