Upindo Uliobaki Kiunoni

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, taa ya shaba iliwashwa mbele ya jukwaa. Ilikuwa na tambi tatu: mbili zilimwelekea mchezaji, moja iliwaelekea watazamaji. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika, lakini paa la vigae la ukumbi wa shule ya sanaa lilikuwa bado linadondosha maji, na kwa muda ilikuwa vigumu kujua kama yanayosikika ni matone au ni wapigaji wanaojaribu vidole vyao juu ya ngoma za chungu cha shaba.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo walikaa mkekani, upande wa kulia. Walikuja kwa ajili ya zoezi la darasa: uhakiki wa mchezo mmoja, kurasa nne. Mwalimu wao, Rajalakshmi, aliwapa sharti moja. Kilichoonekana kiandikwe kwanza, kilichohisiwa kifuate, na kila hisia ioneshe imetoka kwenye kitu gani kilichoonekana.

"Basi mimi nitaandika nimeona mzee kakaa kwenye kigoda saa mbili nzima," Shamna alimnong'oneza mwenzake Rugmini. "Kwisha. Nipewe maksi zangu nikalale."

"Nyamaza. Huyo mzee ni mjomba wangu."

"Ndiyo maana nimesema mzee. Ningekuwa sikuheshimu ningesema babu."

Watu wawili waliinua pazia jekundu kwa mikono. Liliposhushwa, Sreedharan Chakyar alikuwa amesimama nyuma ya taa, uso umepakwa kijani, ukingo wa karatasi nyeupe umezunguka taya, macho mekundu kwa mbegu iliyowekwa chini ya kope. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wachezaji wa ukoo wake walikuwa wamesimama nyuma ya taa kama ile tangu zamani ambazo nyumbani kwao hakuna aliyejisumbua kuzihesabu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kusimulia. Mfalme kijana anakwenda vitani. Mama yake anamfuata hadi ukingoni mwa mto, anamnawisha mikono, anamuaga. Mfalme anavuka, anapigana, habari inaishia hapo. Jukwaani hapakuwa na mto, wala mama, wala farasi. Palikuwa na mtu mmoja, kigoda, na taa. Mfalme na mama waligawana mwili mmoja, na mpaka kati yao ulikuwa upindo wa nguo. Mchezaji akiuchomeka kiunoni, yeye ni mama. Akiuchomoa, yeye ni mfalme. Katika sanaa hiyo hakuna mtazamaji aliyezoea anayehitaji kuambiwa, kama vile hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mtu aliyefungua mlango ameingia.

Ngoma zilianza polepole. Mwanamke mmoja kando ya jukwaa aligonga matoazi madogo, na mlio wake ulikuja kila mara baada ya muda uleule, hadi Rugmini akahisi kwamba mlio unakaa ndani ya kichwa chake na kule jukwaani kuna mwangwi tu. Macho ya mjomba wake yaligeuka kulia, na upande wa kulia pakawa na maji. Yaliinuka taratibu, na ng'ambo ikatokea, majani marefu, ukungu, ndege mweupe mmoja. Alichomeka upindo. Bega likashuka, kidevu kikaingia ndani, na mama akamimina maji juu ya mikono ambayo haikuwapo. Maji yalimiminika kwa muda mrefu sana. Moto wa tambi ulipanuka ukawa mpana kama mto.

Halafu mfalme alikuwa majini. Lakini aliingia majini kwa bega la mama. Alitembea kama mwanamke aliyezoea kuvuka akiwa amebeba kitu kichwani, na upanga ulikaa mkononi mwake kama mwiko. Alipigana hivyo. Alipokufa au aliposhinda, Rugmini hakuweza kusema lipi, aliyekaa tena kwenye kigoda alikuwa mama, na upindo ulikuwa bado kiunoni.

Pazia lilirudi. Watu walianza kutafuta viatu.

Barabarani mbele ya ukumbi, chini ya mwavuli mmoja, wazee wawili wa kamati ya shule walikuwa wanaongea bila kujali anayewasikia. Ukumbini walikuwa wamekaa kushoto, nyuma ya wapigaji.

"Hakuchomoa."

"Nimeona. Tangu ukingoni mpaka mwisho."

"Mwezi uliopita, wa Chingam, alisahau ubeti mzima. Leo upindo. Kesho atasahau kuja."

"Ijumaa tuamue. Tamasha la jioni tatu haliwezi kukaa juu ya kichwa kinachovuja."

Rugmini aliyasikia yote. Mwalimu Rajalakshmi alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Asubuhi iliyofuata aliliambia darasa kwamba uhakiki utakaoeleza vizuri zaidi kilichotokea baada ya ukingo wa mto ataupeleka kwenye kikao cha Ijumaa, kwa sababu wazee walikaa upande mbaya na yeye mwenyewe jioni ile alikuwa na homa nyumbani.

Nyumbani kwao, mama yake Rugmini aliteleka uji wa mchele na choroko na hakumtazama binti yake.

"Utaandika nini?"

"Nilichoona, Mama."

"Umeona nini?"

"Hakuchomoa upindo."

"Hilo hata mbuzi wa jirani wameliona. Nauliza utaandika kasahau, au utaandika katenda makusudi?" Aliweka sufuria chini. "Kaka yangu hana mke, hana mtoto. Ana ile taa. Ukiandika kasahau, umemzika wewe kwa kalamu yako, na mimi ndiye nitakayekaa na maiti hapa kibarazani kila siku nimpe chai."

"Na kama kweli kasahau?"

"Kumbe chuo kinafundisha ukaidi. Ada tunalipa bure."

Rugmini alikwenda kibarazani. Mjomba wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, uso umeoshwa, chembe ya kijani imebaki nyuma ya sikio. Aliuliza bila kuzunguka, kwa sababu katika nyumba ile mpwa ana haki kwa mjomba kuliko mtoto kwa baba.

"Mjomba, ulisahau?"

"Nilisahau."

"Mpaka mwisho?"

"Andika nilisahau. Sentensi fupi. Mwalimu wako atafurahi."

"Mtoni mkono wako wa kulia ulikwenda kiunoni. Ulifika kwenye upindo, ukakaa, ukaondoka bila kuuchomoa. Mtu aliyesahau mkono wake haufiki hapo."

Mzee alimtazama kwa macho ambayo wekundu wake ulikuwa haujaisha.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwa umefumba macho, mwanangu. Mimi nina taa mbele yangu lakini safu ya kwanza naiona. Mfalme alipoingia majini kichwa chako kilikuwa kimelala begani kwa yule rafiki yako mwenye maneno mengi." Alijifuta nyuma ya sikio, akakosa ile chembe. "Usiniokoe kwa ndoto."



Rugmini alikaa mezani siku mbili. Kurasa tatu za mwanzo hazikumpa shida: taa, macho, maji, namna bega lilivyoshuka. Akifika mtoni kalamu inasimama. Akifumba macho aliuona mkono waziwazi, vidole vitatu juu ya kitambaa, lakini aliuona pamoja na ndege mweupe na majani marefu, na alijua kwa hakika kwamba ndege hakuwapo. Kama ndege alitoka kichwani mwake, mkono nao ungeweza kutoka huko huko. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Alasiri ilifanana na asubuhi. Mara mbili alikuta ameandika mstari ambao hakukumbuka kuuandika: mama alivuka, mwana alibaki ukingoni. Mara mbili aliufuta, kwa kuwa hakuna aliyeona jambo hilo.

Alhamisi alikwenda kwenye kantini ya chuo. Shamna alikuwa anakula ndizi za kukaanga juu ya karatasi za uhakiki wake.

"Unatia mafuta kazi ya Mwalimu."

"Acha ing'ae. Kazi yangu haina kitu kingine cha kung'ara." Shamna hakutoka kwenye familia ya sanaa hiyo, na ile ilikuwa mara yake ya pili kuiona. "Wewe umemaliza? Au bado unaendelea na ule usingizi? Bega langu linauma mpaka leo."

"Nililala kweli?"

"Ulikuwa unakoroma kistaarabu."

"Wakati gani?"

"Nitajuaje? Maji yale yalipoanza. Ukaamka, ukalala, ukaamka. Kama kuku."

Rugmini alijizuia kuuliza kuhusu mkono. Akiuliza, jibu litakuwa lake, si la Shamna. Alisema tu, "Nisomee sehemu yako ya mto."

"Usicheke." Shamna alifuta vidole, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. "Mama yuko majini. Anafika katikati. Hapo anagusa kiunoni, upande wa kulia, kama mwanamke aliyetoka nyumbani akakumbuka funguo, anataka kujua kama bado zipo. Anazikuta. Anaendelea na safari." Aliinua kichwa. "Ni ujinga, najua. Malkia ana funguo za nini? Lakini bibi yangu anafanya hivyohivyo akipanda basi. Nifute?"

"Usifute."

"Mbona sura imekuwa hivyo?"

"Unajua upindo ule maana yake nini?"

"Upindo gani?"

Usiku ule haukuwa na kazi nyingi. Rugmini aliandika ukurasa wa nne kabla ya chakula. Aliandika kwamba mchezaji aliingia mtoni bila kuchomoa upindo, na kwamba mchezaji mwenyewe amesema alisahau. Aliandika kwamba katikati ya mto mkono wa kulia ulifika kwenye upindo na kuuacha. Aliandika kwamba yeye, mwandishi, alifumba macho katika sehemu hiyo kwa muda asioujua, kwamba mchezaji ni mjomba wake, na kwa hiyo ushahidi wake peke yake hautoshi. Ila mtazamaji wa pili, asiyejua kanuni ya upindo, aliandika jambo hilohilo bila kuulizwa, na jina lake akalitaja. Mwisho aliweka hukumu katika sentensi mbili. Kosa lilianzia ukingoni na kwisha katikati ya mto. Kuanzia hapo lililochezwa lilikuwa uamuzi, na uamuzi huo ulikuwa sehemu bora ya jioni ile.

Mama yake alisoma akiwa amesimama.

"Umeandika kasahau."

"Ndiyo."

"Umeandika na mengine."

"Ndiyo."

Alirudisha karatasi mezani, akazilaza vizuri, pembe juu ya pembe. "Kula kabla hakijapoa."

Ijumaa kamati ilikutana katika chumba cha nyuma cha ukumbi, madirisha wazi, mvua nyembamba ikiingia hadi kwenye saruji. Rugmini na Shamna waliitwa wasimame mlangoni, huenda wakahitajika. Mwalimu Rajalakshmi alisoma ukurasa wa nne, halafu aya ya Shamna. Mmoja wa wazee wa mwavuli aligeuka.

"Wewe mwenye funguo. Nani alikutuma uangalie mkono?"

"Hakuna, mzee. Uso ulikuwa unanitisha, nikaangalia chini."

Watu walicheka, isipokuwa Sreedharan Chakyar, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza mikono imelala magotini.

"Hayo yaliyosomwa ni kweli?" Mwalimu alimuuliza.

"Nilisahau ukingoni. Hilo nimeshasema."

"Nauliza katikati ya mto."

Matone yalikuwa yanaanguka kwenye ngoma moja iliyoachwa karibu na dirisha, na ngoma ilikuwa inajibu, chini chini.

"Nilikumbuka."

"Kwa nini hukuchomoa?"

"Mama alikuwa ameshaingia kwenye maji," alisema. "Ningemwacha wapi?"

Mzee wa mwavuli alisema hilo si jibu, ni mashairi. Mwingine alisema ni jibu, lakini la ukingoni halijajibiwa, na mtu anayesahau mara moja kwa mwezi atasahau kwenye tamasha. Walibishana mpaka chai ikaja ikapoa. Kisha walipiga kura kwa mikono. Mchezo uleule ungegawanywa katika jioni tatu za tamasha, na Sreedharan Chakyar angecheza jioni mbili za mwanzo. Jioni ya tatu, ya vita, ingechezwa na mwanafunzi wake.

Aliuliza jambo moja tu, kama mto uko jioni ya pili au ya tatu. Aliambiwa ya pili.

Jumamosi kabla ya jua kutoka, alilala chali kwenye mkeka sebuleni. Dada yake alipiga goti kando yake, akamtia samli iliyoyeyushwa kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, kama kila mara kabla ya zoezi la macho. Rugmini alishika taa. Mzee alifumbua macho na kuanza kuyazungusha, kulia, juu, kushoto, chini.